Nani Kasema Aljebra Haina Kazi Kijijini?

Ipo sentensi moja niliyoisikia mara nyingi mno hapa Nyabusozi, katika vikao vya wazazi, kwenye vilabu vya pombe, na hata ndani ya ofisi ya walimu. Ni hii: "Hizo x na y zitamsaidia nini mtoto wa mkulima?" Msemaji akishaitamka hutazama huku na huku akingoja watu wacheke, nao hucheka. Mimi nami nilicheka nao kwa miaka mingi. Nilikuwa mwalimu wa hisabati, serikali ikinilipa mshahara kwa kazi hiyo, na bado nilicheka. Leo sicheki. Katika kurasa hizi nataka kugombana na wanaocheka, na wa kwanza kuchapwa nitakuwa mimi mwenyewe.

Kwanza tulijue jambo lenyewe, maana wengi wanaolibeza hawajapata kulitazama usoni. Katika aljebra kuna kazi mbili ndogo ambazo mwanafunzi hukutana nazo mapema. Moja ni kurahisisha mtajo. Mtu ana 3a + 2b + 2a. Anakusanya vilivyo vya aina moja, anapata 5a + 2b, basi. Nyingine ni kuuweka mtajo katika vigawo. Mtu ana 6a + 6b. Anaona kwamba 6 imo huku na imo kule, anaitoa nje, na vilivyobaki anavifunga ndani ya mabano: 6(a + b). Hiyo 6 ni kigawo cha shirika, na sijui kama aliyebuni jina hilo alipata kushukuriwa. Shirika! Kitu ambacho wote wana fungu ndani yake. Katika kazi zote mbili sharti ni moja tu: sura inabadilika, thamani haibadiliki. Weka namba yoyote mahali pa a na yoyote mahali pa b. Mtajo ulioanza nao na ule uliomaliza nao ni lazima utoe jibu lile lile. Ukitoa majibu mawili, hukurahisisha kitu, umeharibu.

Sasa tuache ubao twende kwenye matanga. Marehemu ameacha magunia mawili ya mahindi yaliyo sawa, hatujui kila moja lina kilo ngapi, na mbuzi sita. Warithi ni wawili na mafungu yao ni sawa. Kila mmoja anapata nini? Gunia moja na mbuzi watatu. Nenda popote wanapokunywa rubisi, muulize mzee asiyejua kusoma wala kuandika, atakujibu hivyo kabla hujamaliza kuuliza. Hakuna atakayesema gunia moja na mbuzi sita. Akitokea wa kusema hivyo, watu watadhani amelewa.

Andika jambo hilo hilo ubaoni kwa chaki: juu ya mstari 2x + 6, chini ya mstari 2, rahisisha. Katika madarasa yangu, mwaka baada ya mwaka, zaidi ya nusu ya watoto waliandika x + 6. Walikata 2 kwa 2, wakaona kazi imekwisha, na kila mrithi akaondoka na mbuzi sita. Mbuzi sita wamekuwa kumi na wawili! Laiti ingekuwa hivyo zizini.

Watoto hao hawakuwa wajinga. Walikuwa watoto wa wazee wale wale. Walikuja shuleni wakijua kugawa, sisi tukawapokonya ujuzi huo tukawapa msemo: "Kata na kata." Ukiona namba juu na namba ile ile chini, kata na kata. Ukiona mabano, yaondoe. Ukihamisha ng'ambo ya pili, badili alama. Nilikuwa na misemo kama hiyo mingi, na niliifundisha kwa wimbo na kwa fimbo. Ningeulizwa kwa nini, nisingekuwa na jibu, lakini hakuna aliyeuliza. Kuuliza kulikuwa utovu wa adabu.

Niseme na asili ya ujinga wangu, ili nisionekane namtupia mtu mwingine. Mimi ni mwalimu wa UPE. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania mwenye umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo 1977. Lilikuwa jambo kubwa na jema, sitalitukana kamwe. Lakini walimu hawakuwapo. Basi tukachukuliwa sisi tuliomaliza darasa la saba, maelfu kwa maelfu nchi nzima, tukasomeshwa kazi huku tukiifanya, kwa masomo ya barua na ya redio. Nilisimama mbele ya watoto nikiwa na umri wa miaka 17, kitabu cha kiongozi mkono wa kushoto, chaki mkono wa kulia. Nilichofundisha ni kile nilichokariri jana yake. Aliyenifundisha alikuwa amekariri pia. Msemo wa "kata na kata" ulipita kwetu kama mzigo kwenye mstari wa wapagazi, kila mmoja akiupokea kichwani bila kufungua kuona kilichomo.

Mimi niliufungua mwaka 1994, tena kwa aibu.

Mwishoni mwa Aprili mwaka ule watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara, kwa muda wa saa kama 24 tu. Anayeishi pande hizi hahitaji kuelezwa. Wengine na wajaribu kuwaza mji mzima ukihamia vilimani usiku mmoja. Kambi ya Benaco ikazuka mahali palipokuwa na majani. Mashirika yakaja na magari, na yalihitaji makarani, madereva, wakalimani. Walimu wengi wa Ngara na Biharamulo waliacha chaki wakaenda huko. Mshahara ulikuwa haufanani na wetu hata kidogo. Mimi nilikwenda likizo ya Juni, nikapata kibarua cha ukarani katika ugawaji wa chakula. Waliponiuliza kazi yangu nikajibu kwa kujivuna: mwalimu wa hisabati.

Kazi ilikuwa hii. Unapewa idadi ya watu wa kikundi na idadi ya siku, unaandika hati ya kuomba chakula ghalani. Viwango kamili vya siku ile vimenitoka kichwani, kwa hiyo tuseme tu kwa mfano: watu 120, siku 7, kila mtu kwa siku gramu 400 za mahindi na gramu 60 za maharage. Kwa herufi, ukiita mahindi a na maharage b, kikundi kinahitaji 7 × 120 × (a + b). Yaani mara 840, kwa vyote viwili. Mahindi kilo 336, maharage kilo 50.4. Mimi nilikuwa na haraka, foleni ilikuwa ndefu, na mkono wangu ukafanya kile ulichozoea kufanya ubaoni: uliondoa mabano. Saba ikazidishwa na mahindi. Maharage yakaachwa na watu wake 120 bila siku zao. Hati ikatoka: mahindi kilo 336, maharage kilo 7.2.

Ghalani hawakuuliza. Karani ameandika, karani anajua. Kwenye mgao mahindi yalitosha, na maharage yakaisha kabla ya watu ishirini. Unaweza kukisia kilichofuata. Watu waliotembea siku kadhaa wakikimbia kifo hawana subira na karani. Wanawake walipaza sauti, vijana wakaanza kusogea mbele, wenye dhamana ya usalama wakaitwa. Mimi nilirudia kusema kwamba hesabu ni sahihi, ghala ndilo lililoiba.

Akatoka katika foleni mzee mmoja mwembamba, akaomba kuiona hati. Mama yangu ni Mhangaza wa Ngara, na Kihangaza na Kinyarwanda ni ndugu, kwa hiyo tulielewana vizuri. Aliisoma taratibu. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote: "Karani, hawa watu watakula mahindi siku saba na maharage siku moja?"

Baadaye nilisikia kwamba huko kwao alikuwa mwalimu. Hakuniuliza mimi nilikuwa nani, na ninamshukuru kwa hilo hadi leo.

Hati iliandikwa upya, maharage yakaja jioni, hakuna aliyekufa kwa kosa langu. Lakini usiku ule sikulala. Kosa lile nililijua. Nililisahihisha kwa kalamu nyekundu mara elfu: 7(a + b) = 7a + b, alama ya mkasi, sifuri, rudia. Nilikuwa nalisahihisha pasipo kujua ni kosa la namna gani. Mabano yale ni kapu. Kila mtu, kila siku, apewe kapu zima, na ndani ya kapu kuna vitu viwili. Anayezidisha kimoja akaacha kingine amewapa watu makapu saba ya mahindi na kapu moja lenye maharage. Mtoto yeyote aliyewahi kufungasha mizigo ya soko angeliona kosa hilo kama angeonyeshwa kapu. Mimi nilikuwa nimemwonyesha vijiti viwili vilivyopinda.

Wapo watakaosema: huyo alikuwa karani mzembe tu, aljebra ina kosa gani? Aljebra haina kosa. Kosa ni la sisi tunaoifundisha kama ngoma ya hatua, kisha tukishaiua tunasema haina uhai.

Niliporudi nikabadili ufundishaji. Nilileta maharage darasani. Tuliweka mafungu chini, tukahesabu, tukafunga, tukafungua. Watoto walipanga maharage 12 na 18, wakaulizwa: ni idadi gani kubwa ya watu wanaoweza kugawana vyote viwili sawasawa bila kubakiza? Sita: kila mmoja mawili na matatu. Halafu ndipo tukaandika 12 + 18 = 6(2 + 3). Siku moja akaja mkaguzi. Alisimama mlangoni, akatazama watoto wa darasa la sita waliochuchumaa, akaniita nje. Aliniambia kwamba hilo si darasa la chekechea, kwamba muhtasari wa masomo una mada zake na tarehe zake, na kwamba niko nyuma kwa wiki tatu. Yote aliyosema kuhusu tarehe yalikuwa kweli. Mimi nikanywea. Nilirudisha maharage nyumbani, yakapikwa, nami nikarudi kwenye "kata na kata" kwa miaka mingine mingi. Sina wa kumlaumu kwa hilo zaidi ya woga wangu.

Baadaye mambo yakazidi kuharibika. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba uliwekwa katika mtindo wa kuchagua jibu, hisabati ikiwemo, na kusahihishwa kwa mashine. Kuna mtoto aliyenieleza kwa furaha siri yake ya mafanikio: ukiwa na shaka, chagua C. Huyo naye nimfundishe kigawo cha shirika?

Watu husema watoto wa siku hizi ni wavivu. Katika matokeo ya kidato cha nne ya 2020, 2021 na 2022, waliofaulu Hisabati nchini walikuwa kama mmoja kati ya kila watano. Wanne kati ya watano wawe wavivu, katika taifa ambalo mtoto huamka alfajiri kuchota maji kabla ya kwenda shule? La hasha. Ukiona debe nne kati ya tano zinavuja, usiyalaumu maji.

Na hapa nifikie lile linaloniudhi kuliko yote, ambalo linapita uwezo wa mwalimu mmoja. Mtoto wetu anasoma miaka saba kwa Kiswahili. Anajua vigawo, vigawe, kiasi, asili, mabano, mtajo; MAGAZIJUTO anaiimba usingizini. Kisha anaingia kidato cha kwanza, na asubuhi moja maneno yote hayo yanafutwa. Anayeambiwa "factorize" hajui kwamba anaombwa kufanya jambo analolijua. Amebeba ufunguo mfukoni, na mlango umebadilishwa jina.

Wala si kwamba hatukuonywa. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta, katika ripoti yake ya 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Mwaka 1985 ulifika, ukapita. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza Kiingereza katika shule zetu wakaona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na lugha ya kutosha kusomea chochote. Kiingereza kikabaki. Sera ya elimu ya 2014 ikatamka kwamba Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote. Maneno mazuri, lakini karatasi ya Hisabati ya kidato cha nne bado inaandikwa kwa Kiingereza.

Mtetezi wa hali hii ana hoja yake moja kubwa: Kiswahili hakina maneno ya hisabati, na aljebra ni kitu cha Wazungu. Bwana huyo hajui hata neno analolitamka limetoka wapi. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake Baghdad katika karne ya tisa, na neno al-jabr, la kuunga kilichovunjika, ndilo lililozaa aljebra ya dunia nzima. Kitabu kile hakina x wala y. Kisichojulikana alikiita "kitu" tu. Kila mlinganyo aliuandika kwa maneno, kwa lugha ya wasomaji wake, na sehemu kubwa ya kitabu inahusu mirathi: nani apate fungu gani. Alipotaka kuthibitisha alichora miraba. Desturi ya herufi, moja kwa kisichojulikana na nyingine kwa kilichotolewa, iliwekwa na Mfaransa François Viète mwaka 1591. Yaani kwa zaidi ya miaka mia saba watu walifanya aljebra kwa maneno ya kawaida, juu ya mashamba na urithi, mambo yale yale yanayotugombanisha sisi kila msimu hapa Nyabusozi. Leo tunaambiwa maneno yetu hayaiwezi!

Sisemi Kiingereza kisifundishwe. Kifundishwe, tena vizuri, na watu wanaokijua. Nasema mtoto asinyimwe maharage yake kwa sababu hajui yanaitwaje Uingereza.

Nilistaafu mwaka 2019. Nina migomba yangu na muda wa kutosha, na watoto wa sekondari huja kwangu wakiwa likizo. Mmoja ni binti wa jirani, aliyekuwa kidato cha pili. Alikuja na daftari, akaamkia, akaketi kwenye kigoda. "Babu, hapa wanasema factorize, sijui wanataka nini." Swali lilikuwa x² + 5x + 6. Nikamwambia: wanataka vigawo. Akanitazama kama niliyemtania. "Vigawo? Vile vya darasa la tano?" Ndivyo, nikamwambia, wakubwa wake.

Tukachukua boksi la sabuni tukakata mraba mmoja mkubwa, ambao upande wake hatukuupima kwa makusudi; huo ndio x². Tukakata vipande vitano vyembamba, urefu sawa na upande wa mraba, upana sentimita moja. Hizo ni x tano. Tukakata vijiraba sita vya sentimita moja. Kazi yake ilikuwa moja: apange vyote viwe mstatili mmoja, bila pengo na bila kubakiza. Alihangaika hadi chai ikapoa. Mwisho akaweka vipande vitatu upande wa kulia wa mraba na viwili chini yake, na kwenye kona vijiraba sita vikaingia, safu mbili za vitatu vitatu. Akapima pande kwa macho: huku x na 3, huku x na 2. Akaandika (x + 2)(x + 3) kabla sijafungua mdomo. Kisha akacheka, kicheko tofauti kabisa na kile cha kikao cha wazazi.

Nikampa x² + 5x + 5. Akaondoa kijiraba kimoja akaanza upya. Akipanga vitatu na viwili, kona ina pengo la kimoja. Akipanga vinne na kimoja, kona inatosheka na kimoja kinabaki mkononi. Alijaribu vyote vitano upande mmoja, ndiyo kabisa. "Babu, hii inakataa," akasema. Nikamwambia kwamba kwa namba kamili kweli inakataa, na kwamba kuona inayokataa ni ujuzi ule ule wa kuona inayokubali. Alivifunga vipande vyake kwa kamba ya mgomba akaenda navyo.

Likizo iliyofuata alirudi na daftari la mazoezi. Swali mojawapo lilikuwa la namna ile, lisilokubali, na chini yake alikuwa amechora miraba yake midogo kwa penseli, pengo likionekana, kisha ameandika kwa Kiingereza cha kubahatisha kwamba mtajo huu unakataa. Kalamu nyekundu ilikuwa imepita juu ya mchoro na juu ya sentensi yote, na pembeni pameandikwa: sifuri.

Aliniuliza kama alikosea. Nilimwambia hakukosea. Akauliza: "Sasa babu, ningeandikaje?"